Makosa Yako Shimoni: hotuba kuhusu biti, mfifio wa mawimbi na antena ya pili

Mwenyekiti, walimu, wahandisi wenzangu, mafundi wa minara na ninyi wanafunzi, habari za asubuhi.

Naomba nianze na namba mbili, kwa sababu karibu yote nitakayosema yanatokana na tofauti iliyo kati yake. Tuchukue modulesheni, yaani namna ya kubebesha biti kwenye wimbi, iliyo rahisi kuliko zote, BPSK. Biti 1 tunairusha kama wimbi lilivyo, biti 0 tunairusha kama wimbi hilo hilo lililogeuzwa fezi, yaani hatua ya wimbi katika mzunguko wake, kwa digrii 180. Ndani ya kebo, ambako adui ni kelele ya joto peke yake, ukitaka biti zinazokosewa zisizidi 1 katika kila 100,000, unahitaji uwiano wa nishati ya biti kwa kelele, ule tunaouandika Eb/N0, wa desibeli 9.6; kila desibeli 10 ni kuzidisha mara 10. Sasa mtambo huo huo upeleke Kariakoo, simu iwe chini kati ya maghorofa na isiuone mnara kabisa. Kwa kiwango kile kile cha makosa, wastani wa uwiano huo lazima upande hadi desibeli 44.

Tofauti ni desibeli 34.4. Kwa nguvu hiyo ni karibu mara 2,750. Transmita ya wati 10 ingebidi iwe ya kilowati 27.5. Hakuna kampuni itakayojenga mnara wa namna hiyo, na simu ya mkononi yenye betri ndogo haiwezi hata kuota jambo hilo. Lakini simu zinafanya kazi Kariakoo, kila siku, kila saa. Kwa hiyo desibeli hizo 34 zimepatikana kwa namna nyingine, na namna hiyo ndiyo iliyonileta hapa: kila biti inapewa zaidi ya njia moja ya kufika.

Kwanza tuelewe makosa yanatoka wapi. Kati ya majengo, wimbi moja hufika kwenye simu kama miali mingi iliyogonga kuta, mabati, magari na nyaya. Kila mwali una fezi yake. Miali ikijumlishana kwa bahati nasibu na usiwepo mmoja unaoitawala mingine, nguvu inayopokelewa hupanda na kushuka, huo ndio mfifio, na hufuata mgawanyo tunaouita wa Rayleigh. Kanuni yake ni fupi: uwezekano wa nguvu kushuka chini ya sehemu x ya wastani wake ni 1 − e^(−x). Weka namba. Kushuka zaidi ya desibeli 10 chini ya wastani hutokea asilimia 9.5 ya muda. Desibeli 20, asilimia 1. Desibeli 30, asilimia 0.1. Kila ukishuka desibeli 10 zaidi, uwezekano unapungua mara 10, na haupungui haraka kuliko hapo. Mahali hapo pa chini mafundi tunapaita shimo, nami nitatumia neno hilo hilo.

Kosa la BPSK kwenye hali hiyo, γ ikiwa wastani wa Eb/N0 kwa namba ya kawaida na si kwa desibeli, ni:

Pb = ½ [1 − √(γ/(1+γ))]

Ikiwa γ ni kubwa, hesabu hii hugeuka kuwa 1/(4γ). Kwa wastani wa desibeli 10 unapata 0.023. Kwa desibeli 20 unapata 0.0025. Kwa desibeli 30, 0.00025. Ndani ya kebo mstari wa makosa huporomoka: desibeli 6.8 zinakupa kosa 1 katika 1,000, na ukiongeza chini ya desibeli 3 tu umefika 1 katika 100,000. Huku mtaani, kila kupunguza makosa mara 10 kunagharimu desibeli 10 kamili. Hakuna punguzo la jumla.

Ukiwa na wastani wa desibeli 20, ishara iko chini ya kiwango cha kelele, yaani chini ya desibeli 0, kwa asilimia 1 tu ya muda. Ukikokotoa makosa yote na kuuliza yalitokea lini, utakuta karibu robo tatu yake yametokea ndani ya asilimia hiyo 1. Asilimia 99 ya muda iliyobaki, mtambo wako ni mzuri kupita mahitaji. Ukiongeza nguvu unaipa desibeli zaidi ile asilimia 99 isiyozihitaji, na kwenye shimo yanaingia matone tu.

Hapa wanafunzi huuliza: je, tukibadilisha modulesheni? Inasaidia kidogo, na ni vizuri kujua kidogo hicho ni kiasi gani. DPSK, ambayo kipokezi chake hulinganisha fezi ya biti hii na ya biti iliyotangulia bila kuhitaji kuijua fezi halisi, ina kosa la 1/(2(1+γ)). Hiyo ni desibeli 3 nyuma ya BPSK. FSK ya masafa mawili isiyofuatilia fezi ina kosa la 1/(2+γ), desibeli 6 nyuma. Mteremko wa mstari wa makosa wa zote tatu ni ule ule. QAM ya nukta 16, inayobeba biti 4 kwa kila alama, inashangaza zaidi: kwenye kebo iko karibu desibeli 4 nyuma ya BPSK, lakini kwenye mfifio wa Rayleigh pengo hilo hupungua hadi karibu desibeli 3 kwa Eb/N0 ile ile. Sababu ni kwamba ndani ya shimo modulesheni zote zinazama, na nje ya shimo zote zinaelea. Kwa hiyo usihangaike sana kuchagua nukta ngapi kabla hujalishughulikia shimo lenyewe.

Kukiwa na mwali mmoja wenye nguvu unaofika moja kwa moja, tunasema mfifio wa Rice, na kipimo chake ni K, uwiano wa nguvu ya mwali huo kwa jumla ya miali iliyotawanyika. K ikiwa sifuri tunarudi kwa Rayleigh. K ikiwa kubwa tunakaribia kebo. Fundi anayeelekeza antena ya dirishani kuelekea mnarani anainua K, na faida yake huzidi ile desibeli chache za antena yenyewe.

Sasa mwendo. Hesabu zote za juu zimechukulia kwamba njia ya mawimbi hewani, ambayo kwa ufupi nitaiita hewa, haibadiliki kati ya biti moja na inayofuata. Gari likienda kilomita 90 kwa saa, sawa na mita 25 kwa sekunde, kwenye masafa ya megahezi 900 ambako urefu wa wimbi ni sentimita 33, mabadiliko ya masafa yanayoletwa na mwendo, yaani Doppler, ni hezi 75. Tuseme gari hilo lina kifaa cha kutuma data kwa DPSK, biti 1,200 kwa sekunde. Kati ya biti na biti inapita milisekunde 0.83, na gari limesogea sentimita 2.1, yaani moja ya kumi na sita ya urefu wa wimbi. Fezi imebadilika hata kabla biti ya pili haijafika, na kipokezi kinailinganisha na rejea iliyokwisha kupotoka. Matokeo yake ni sakafu ya makosa: hata kelele ikitoweka kabisa, biti 19 katika kila 1,000 zitakosewa. Ongeza nguvu mara elfu, sakafu haisogei.

Dawa yake inaonekana kama kichekesho hadi uifanyie hesabu. Sakafu hiyo ni takriban (π·fD·T)²/2, ambapo fD ni Doppler na T ni muda wa biti moja. Kwa hiyo inapungua kwa mraba wa kasi ya data. Peleka biti 9,600 kwa sekunde badala ya 1,200, na sakafu inashuka kutoka 0.019 hadi 0.0003. Kutuma haraka zaidi kumepunguza makosa mara 64. Bila shaka huwezi kuongeza kasi bila kikomo, kwa sababu muda wa alama ukiwa mfupi kuliko ucheleweshaji wa mwangwi, alama zinaanza kupandana. GSM, mfumo wa simu wa 2G, ina biti moja kila mikrosekunde 3.69 na hulazimika kuwa na kisawazishi, sehemu inayoondoa athari ya mwangwi, ndani ya kila simu. LTE, yaani 4G, ilichukua njia ya kuigawa data kwenye mikondo midogo ya kilohezi 15, kila alama mikrosekunde 66.7, na kuiwekea kinga ya takriban mikrosekunde 4.7 mbele yake. Kinga hiyo humeza mwangwi uliozunguka kilomita 1.4 zaidi ya mwali wa kwanza.

Nataka tukae kidogo na GSM, ingawa wengine mtasema ni ya zamani. Mtu akibonyeza nyota 150 nyota 00 reli, menyu ya M-Pesa, kijijini ambako mnara una 2G tu, pesa zake zinapita juu ya mfumo huo, na anastahili tuuelewe vizuri.

Sauti ya GSM hukatwa vipande vya milisekunde 20, kila kipande biti 260. Biti hizo hazina uzito sawa. 50 ndizo nyeti zaidi na huongezewa biti 3 za ukaguzi. 132 zinafuata. Zote hizo, pamoja na biti 4 za mkia, hupitia msimbo wa kurekebisha makosa unaotoa biti 2 kwa kila 1: 189 mara 2 ni 378. Biti 78 zilizobaki, ambazo sikio halizijali sana, hupita bila kinga. Jumla 456. Kisha biti 456 hupishanishwa juu ya mafungu 8, yaani mirusho mifupi ya redio, biti 57 kwa kila fungu, na fungu moja hutoka kila milisekunde 4.615. Fungu likizama shimoni, unapoteza moja ya nane ya biti, zikiwa zimetawanyika, na msimbo unaweza kuzirudisha.

Hiyo ndiyo njia zaidi ya moja ya kufika niliyoisema. Lakini inafanya kazi kwa sharti kwamba mafungu hayo 8 yanakutana na hali tofauti za hewa. Piga hesabu. Mafungu 8 yanachukua milisekunde 37. Gari letu la hezi 75 lina muda wa hewa kukaa bila kubadilika wa takriban milisekunde 5.6, ukitumia kanuni ya 0.423 kugawanya kwa Doppler. Vizuri, mafungu yake yanaona hali tofauti. Shimo la desibeli 20 kwa gari hilo hudumu kwa wastani milisekunde 0.53, chini kidogo ya fungu moja, na hutokea karibu mara 19 kwa sekunde. Sasa mchukue mama anayetembea sokoni, mita 1 kwa sekunde. Doppler yake ni hezi 3. Hewa yake haibadiliki kwa milisekunde 141. Shimo lake hudumu wastani wa milisekunde 13, na akiwa kwenye ukingo wa seli, yaani eneo linalohudumiwa na mnara, muda unakuwa mrefu zaidi. Mafungu yake yote 8 yanaweza kuzama pamoja. Mtembea kwa miguu ana hali mbaya kuliko dereva, na jambo hili huwashangaza watu wengi wanapolisikia mara ya kwanza.

Ndiyo maana GSM iliwekewa kuruka masafa, mara 217 kwa sekunde, kila fungu kwenye masafa yake. Shimo la megahezi 945 si shimo la megahezi 950. Lakini angalieni: masafa hayo yanatakiwa yawe mbali kiasi gani? Zaidi ya upana ambao hewa hufifia kwa pamoja, ambao kwa kadirio ni 1 kugawanya kwa mara 5 ya mtawanyiko wa ucheleweshaji, yaani tofauti ya muda wa kufika kati ya miali. Mjini, mtawanyiko ukiwa mikrosekunde 1, upana huo ni kilohezi 200, sawa na chaneli moja ya GSM, kwa hiyo chaneli jirani inatosha. Kijijini penye uwazi, mtawanyiko ukiwa mikrosekunde 0.2, upana ni megahezi 1. Hapo ukiruka kati ya chaneli 3 zinazopakana, zote zinazama pamoja na umefanya kazi bure. Mpangaji wa masafa anayenakili orodha ya mjini na kuipeleka kijijini hataona tatizo kwenye karatasi. Ataliona kwenye malalamiko.

Na ile menyu ya pesa? Haipiti kwenye chaneli ya sauti. Hupita kwenye chaneli ya udhibiti iitwayo SDCCH. Ujumbe wake ni biti 184, huongezewa biti 40 za ukaguzi na 4 za mkia, hupitia msimbo ule ule wa nusu, na kuwa 456. Lakini hupishanishwa juu ya mafungu 4 tu, si 8. Kuna kikomo cha kihisabati hapa: msimbo wa nusu juu ya mafungu 8 huru hauwezi kupata zaidi ya daraja la 5 la daivasiti, yaani idadi ya njia huru ambazo lazima zote zizame ndipo ujumbe upotee, na juu ya mafungu 4 hauwezi kuzidi daraja la 3. Zaidi ya hapo, kwenye seli ndogo za vijijini SDCCH mara nyingi huwekwa pamoja na chaneli ya matangazo ya mnara kwenye nafasi ya kwanza ya muda, na nafasi hiyo hairuki masafa. Kwa mtu aliyesimama, daivasiti yake inarudi kuwa 1. Kinachomwokoa ni utaratibu wa kurudia: ujumbe usipothibitishwa hutumwa tena baada ya sehemu ya sekunde. Lakini kama simu iko mezani na hakuna kinachosogea, unarudia kutuma ndani ya shimo lile lile. Mashimo hukaa takriban nusu ya urefu wa wimbi kutoka moja hadi jingine, kwa megahezi 900 ni sentimita 17. Ndiyo maana kuisogeza simu upana wa kiganja kimoja au viwili huifungua menyu iliyogoma. Mawakala wanalijua hili kwa mazoea, na fizikia inawaunga mkono.

Mezani hapo pana onyo jingine kwa wale mnaofunga vifaa visivyosogea. Kanuni ya makosa niliyoitoa inatoa wastani wa muda kwa kitu kinachotembea. Mita ya maji iliyofungwa ukutani haina wastani wa muda. Iko shimoni au haiko. Ukifunga mita 5,000 na ukapanga akiba ya desibeli 20 juu ya kiwango cha chini cha kipokezi, mfifio ukiwa wa Rayleigh tarajia mita 50 hivi ambazo hazitasikika, nazo zitakuwa zile zile wiki hii na wiki ijayo. Usiandike kwamba mtandao unapatikana asilimia 99. Kwa nyumba hizo 50 haupatikani, basi.

Tuje kwenye antena ya pili, dawa iliyo bora kuliko zote kwa bei yake. Weka antena mbili, kila moja ione mfifio wake, na zijumlishe baada ya kuzisawazisha fezi na kuzipa uzito kulingana na nguvu ya kila moja. Ili ishara ipotee lazima zote mbili zizame kwa wakati mmoja. Kama kila moja huwa shimoni kwa asilimia 1 ya muda, zote mbili pamoja ni mara 1 katika 10,000. Kosa la BPSK linakuwa takriban 3/(16γ²). Kwa 1 katika 100,000 unahitaji desibeli 21.4 kwa kila tawi, yaani kila antena na njia yake, badala ya 44. Antena moja ya ziada imekupa zaidi ya desibeli 22. Kwa matawi 4 unahitaji takriban desibeli 10. Faida inapungua kila unapoongeza, kwa hiyo antena ya pili ndiyo yenye thamani kubwa kuliko ya tatu na ya nne kwa pamoja.

Je, lazima matawi yawe huru kabisa? Hapana, na hapa watu hutumia fedha nyingi bila sababu. Uhusiano wa nguvu kati ya antena mbili ukifika 0.7, ambao wengi wangeuita mbaya, hasara ni desibeli 2.6 tu. Mteremko unabaki. Kwenye simu, ambako miali hutoka pande zote, nusu ya urefu wa wimbi inatosha. Juu ya mnara miali hutoka kwenye pembe nyembamba, kwa hiyo unahitaji urefu wa wimbi 10 au zaidi, ambao kwa megahezi 900 ni mita 3.3. Ndiyo sababu antena nyingi za minara siku hizi zina polarisheni mbili, yaani mielekeo miwili ya wimbi, moja imeinama digrii 45 kushoto na nyingine 45 kulia, ndani ya ganda moja. Zinaokoa nafasi na mzigo wa upepo.

Hatari kubwa ya daivasiti ni kwamba tawi likifa halilii. Maji yakiingia kwenye konekta ya antena ya pili kwa sababu tepi ya mpira ilifungwa kutoka juu kwenda chini badala ya kuanzia chini ili mikunjo ifunikane kama vigae, tawi hilo linanyamaza. Wastani wa nguvu inayopokelewa unashuka desibeli 3 tu. Ukipiga simu ya majaribio ukiwa chini ya mnara, kila kitu kizuri. Lakini kule kwenye ukingo wa seli, pale palipopangwa desibeli 21.4 kwa tawi, kosa limepanda kutoka 1 katika 100,000 hadi karibu 1 katika 550. Hiyo ni mara 180. Kwa hiyo fundi, ukipanda, pima kila tawi peke yake: chomoa la kwanza, soma nguvu ya la pili, kisha geuza. Tofauti ya wastani kati ya matawi ikizidi desibeli 3, tafuta sababu kabla hujashuka.

Na kama kipokezi kina nafasi ya antena moja tu, antena mbili zinaweza kukaa upande wa kurushia. Siavash Alamouti alionyesha mwaka 1998 jinsi ya kurusha alama mbili kupitia antena mbili kwa vipindi viwili, ili kipokezi cha antena moja kipate daivasiti kamili ya daraja la 2. Gharama yake ni desibeli 3, kwa kuwa nguvu ya kurusha imegawanywa kati ya antena mbili. Kwa mteremko unaopatikana, ni bei ndogo.

Mtasema hayo ni ya simu. Tazameni basi kiungo cha maikrowevu kuvuka Mkondo wa Zanzibar. Chukua mfano wa kilomita 40 juu ya maji, gigahezi 7, antena mita 84 juu ya bahari kila upande. Mzingo wa dunia, kwa mpindo wa kawaida wa hewa, unakula mita 23.5 katikati, zikabaki takriban mita 60 za kimo kinachofaa. Mwali wa pili unaruka juu ya maji na kufika ukiwa umesafiri 2×60×60/40,000 zaidi, yaani sentimita 18, sawa na urefu wa wimbi 4.2. Sasa maji ya bamvua yapwe mita 3. Kimo kinakuwa 63, njia ya ziada inakuwa karibu sentimita 20, na tofauti imehama kwa karibu nusu ya wimbi. Kiungo kilichokuwa kwenye kilele maji yakiwa yamejaa kinaweza kuwa shimoni saa 6 baadaye, bila wingu hata moja angani. Kuongeza nguvu hapa hakusaidii, kwa sababu mwali wa moja kwa moja na ule wa majini unaongezeka pamoja na kufutana vile vile.

Tiba ni antena ya pili kwenye mnara ule ule, chini ya ile ya kwanza. Umbali kati ya vilele kwenye mnara ni urefu wa wimbi mara urefu wa njia, gawanya kwa mara mbili ya kimo cha upande wa pili: 0.0428 × 40,000 / 120, ni mita 14.3. Nusu yake ni mita 7. Ukiziacha antena mita 7, moja ikiwa shimoni nyingine iko kileleni. Ukiziacha mita 14 kwa kudhani kwamba mbali zaidi ni bora zaidi, zote zinazama pamoja. Nasisitiza hili kwa sababu namba ya mita 14 haionekani mbaya kwenye mchoro.

Namalizia na wanaoiga mfifio kwenye kompyuta, kwa kuwa tasnifu nyingi zina michoro iliyokosewa kwa sababu zile zile. Hakikisha wastani wa mraba wa mgawo wa mfifio, namba changamano inayozidishwa na ishara, ni 1: sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, kila moja iwe na variansi ya 0.5. Kelele changamano igawanywe vivyo hivyo, N0/2 kila upande. Ukisahau, mchoro wote unahama desibeli 3. Kwa QAM ya nukta 16, nishati ya alama ni mara 4 ya nishati ya biti, desibeli 6, na kwa msimbo wa nusu ondoa desibeli 3. Anza kila mara na jaribio la BPSK bila msimbo kwa desibeli 20: kama hupati 0.0025, usiendelee.

Kosa lililojificha zaidi ni la uzito. Wengi hugawanya ishara iliyopokelewa kwa mgawo wa mfifio, kisha huipeleka kwenye kisimbua, sehemu inayofungua msimbo, kana kwamba kila biti inaaminika sawa. Kugawanya kwa namba ndogo kunaipandisha kelele ndani ya shimo, na biti mbovu zinaingia zikiwa na sauti kubwa kuliko zilizo nzuri. Kisimbua kinatakiwa kipewe 4·Re(h*y)/N0, h* ikiwa konjugeti ya mgawo wa mfifio na y ishara iliyopokelewa, ambamo biti ya shimoni inajidhoofisha yenyewe. Ukikosea hapa, faida ya msimbo kwenye mfifio inapungua sana, lakini kwenye kebo programu yako itatoa majibu sahihi kabisa, na utaamini kwamba haina tatizo.

Mwisho kuna swali la kuiga kwa muda gani. Kanuni ya kawaida ni kusubiri makosa 100, hivyo kwa 1 katika 100,000 unahitaji biti milioni 10. Kwenye mfifio wa polepole kanuni hiyo haifai, kwa sababu makosa huja kwa mafungu, na kilicho huru ni shimo, si kosa. Biti milioni 10 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni sekunde 10. Kwa mtembea wetu wa hezi 3, shimo la desibeli 20 hutokea mara 0.74 kwa sekunde. Umeona mashimo 7 au 8, basi, na shimo la desibeli 30 labda mara mbili. Rudia ukibadilisha mbegu ya namba nasibu na jibu litaruka mara mbili au tatu. Endesha hadi upite mashimo mia kadhaa ya kina kinachokuhusu, hata kama biti zitafika bilioni, na kwenye ripoti andika idadi ya mashimo kando ya idadi ya biti. Hivyo hivyo kwa mnaopima barabarani kwa gari: mkituletea wastani wa makosa, tutawauliza gari lilikwenda kasi gani, lilipita mashimo mangapi, na kila tawi la antena lilisoma nini peke yake.

Asanteni. Karibuni kwa maswali.